Kabla Hatujaweka Askari Getini

Maneno haya niliyasema Jumamosi iliyopita, kwenye kikao cha usalama wa watoto shuleni, mbele ya wazazi, walimu na viongozi wa mtaa hapa Mtwara. Wengi hawakufika kwa sababu ya mvua, na wengine wamenipigia simu wakisema wamesikia nusunusu. Nimeyaandika kama nilivyoyatamka. Nilichoondoa ni pale nilipokohoa na pale umeme ulipokatika.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Walimu wenzangu, habari za kazi. Afande wetu wa kata, asante kwa kuja, tena umekuja mapema kuliko mimi. Na ninyi vijana wa bodaboda mliosimama kule nyuma, mambo? Njooni mbele, viti vipo. Leo mtatajwa, na ni heri mtu atajwe akiwa amekaa.

Mnakumbuka kilichotukutanisha. Mwaka jana, katika shule moja ambayo sitaitaja kwa sababu watoto wake bado wanasoma, kijana aliyeishia kidato cha pili aliingia na panga saa nne asubuhi, wakati wa uji, akimtafuta mwalimu. Kikao kilichofuata mzazi mmoja alisimama hapahapa akasema: tunataka polisi wawili getini, wenye bunduki, tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka watoto watawanyike. Ukumbi ukapiga makofi. Mwingine akaongeza: kila mzazi achange elfu tatu kwa mwezi, ya nauli na chakula cha askari. Makofi tena, ingawa hayo ya elfu tatu yalikuwa machache.

Nami nilipiga. Nisiwadanganye. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, Newala, Tandahimba na hapa mjini, na siku ile niliposikia habari ya panga nilitamani hata jeshi lije. Na msidhani nina ugomvi na polisi. Mdogo wangu wa mwisho ni askari, yuko Songea, na mahari ya mwanangu aliijazia yeye. Lakini tangu siku ile kuna swali limenikalia kooni kama mwiba wa samaki, na nimekuja mnisaidie kulitoa.

Nani alijua?

Ngoja niwaeleze lilivyokwisha lile la panga, maana mtaani linasimuliwa kwa namna kumi. Mwalimu aliyekuwa anatafutwa hakuwepo, alikwenda benki. Mlinzi wa shule, mzee mwenye rungu na redio, alikuwa upande wa pili akifungua bomba. Kijana alifika mpaka chini ya mwembe, pale anapokaa yule mama wa mihogo ya kukaanga na kachumbari. Mama akainua macho, akamwita kwa jina la utotoni, lile wanalomwita kwao. Akamwambia, "Wewe, mama yako anajua uko huku?" Kijana akasimama. Mkono wenye panga ukawa unatetemeka. Na yule mama, wazazi wangu, hakuacha kugeuza mihogo. Alikuwa anamsemesha huku anageuza mihogo isiungue. Akamwambia keti. Akaketi. Panga likawekwa chini ya benchi, likakaa pale mpaka afande alipofika.

Sisemi mihogo ni silaha. Siku nyingine panga lingeshuka, na leo tungekuwa tunazungumzia msiba. Ninachotaka mkione ni kilichojitokeza baadaye. Tulipokaa na watoto wa kidato cha tatu, tukagundua watatu walijua. Kijana alisema kijiweni tangu Jumanne kwamba Alhamisi atamfuata mwalimu. Alisema kwa sauti. Alionyesha na panga alilolinoa. Watoto watatu walilala na habari ile usiku wa Jumanne, wakalala nayo usiku wa Jumatano, Alhamisi wakaja shuleni wakapanga foleni ya uji.

Nikamwuliza mmoja wao, kwa nini hukusema? Akanijibu akitazama viatu vyake: "Mwalimu, ningesema ningeulizwa na wewe kijiweni ulikuwa unafanya nini. Halafu fimbo."

Halafu fimbo. Walimu wenzangu, mmesikia?

Kanuni tunazijua. Viboko visizidi vinne. Anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Kila adhabu iandikwe kitabuni. Sasa nauliza, na msinijibu, mjijibu wenyewe: hicho kitabu shuleni kwako kiko wapi? Agosti 2018 kule Bukoba mtoto wa shule ya msingi alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya wizi. Kesi ilifika Mahakama Kuu na mwalimu akatiwa hatiani. Mtoto anayesikia habari kama ile, na anayeiona fimbo mezani kila asubuhi, atakuja kukunong'oneza jambo la kijiweni? Atakuja na nini, na kinga gani?

Wapo waliotutangulia kwenye habari hii ya polisi shuleni. Marekani walianza miaka ya 1950, mji wa Flint, jimbo la Michigan, na leo shule zao nyingi zina askari wao. Wana bunduki, wana kamera, wana milango ya kukagua chuma. Tutazame yaliyowapata, kwa sababu mtu mwenye akili hutazama pale mwenzake alipoteleza.

Mwaka 1999 kwenye shule ya Columbine, jimbo la Colorado, askari wa shule alikuwepo, mwenye silaha, na alirushiana risasi na washambuliaji. Haikutosha. Mei 2022, mji wa Uvalde, Texas, mji mdogo ambao wilaya yake ya shule ilikuwa na kikosi chake cha polisi, kijana aliingia shule ya msingi na bunduki. Polisi walifika. Tena walifika wengi, wa kila idara, 376. Naomba nirudie: mia tatu sabini na sita. Walikaa ndani na nje ya korido zaidi ya saa nzima, dakika 77, kabla ya kuingia darasani. Watoto 19 na walimu 2 walikufa. Watoto walikuwa wanapiga simu ya dharura kutoka humo humo darasani. Wazazi wako nje wanazuiwa.

Kwa hiyo bunduki kuwa getini ni jambo moja, na mwenye bunduki kuingia pale anapotakiwa ni jambo jingine kabisa.

Nisiwe mchoyo, na upande wa pili nao niuseme. Mji wa Denver, mwaka 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi, bodi ya shule ilipiga kura kuwaondoa askari mashuleni. Machi 2023, mwanafunzi wa sekondari moja ya hapo akawapiga risasi watumishi wawili wa shule. Mwanafunzi huyo alikuwa kwenye utaratibu wa kupekuliwa kila siku, na waliokuwa wanampekua ni hao hao watumishi, watu wa ofisini. Kazi ya polisi wamebebeshwa watu wa chaki. Miezi michache baadaye bodi ikawarudisha askari. Kwa hiyo anayesema tuwaondoe polisi kisha asiseme nani atafanya nini, naye hajamaliza hesabu yake.

Lakini hukohuko Marekani, jimbo la Florida, mji wa Orlando, Septemba 2019, mtoto wa miaka 6 alifungwa pingu na askari wa shule kwa sababu alipata hasira akarusha mateke. Miaka sita! Huyo kwetu ni wa darasa la kwanza, anayelia penseli ikivunjika. Ukimweka polisi mahali, kila kosa linaanza kuwa na sura ya kosa la polisi. Mtoto mtundu alikuwa wa mwalimu, kesho ni wa kituoni.

Na kuna jambo moja katika hayo ya Marekani ambalo limenigusa kuliko yote. Ile idara inayomlinda Rais wao, Secret Service, mwaka 2021 ilitoa uchambuzi wa mipango 67 ya mashambulizi ya shule ambayo ilizimwa kabla ya kutokea. Ilizimwaje? Mara nyingi sana mtu aliona au alisikia akasema. Na aliyesema, mara nyingi, alikuwa mwanafunzi mwenzake. Watu wa bunduki hao, waliosomea bunduki, wanasema kilichookoa shule ni mdomo wa mtoto.

Nani alijua? Watoto walijua. Tofauti ni kwamba wale wa Marekani walikuwa na pa kusemea.

Sasa turudi nyumbani, maana hofu yetu ya kila siku huku kusini haina sura ya bunduki.

Nilipokuwa mkuu wa sekondari moja ya kata, uwanda wa Makonde, niliwapa wasichana wa kidato cha pili karatasi za manila na kalamu za rangi. Nikawaambia: choreni njia yenu ya kutoka nyumbani mpaka darasani, na pale mnapoogopa wekeni alama ya mkasi, ile X. Sikuwaambia waandike majina. Nikatoka nje, nikamwacha matroni. Nilidhani wataniletea picha ya geti, kwa sababu mwezi ule wazee walikuwa wanalalamikia geti bovu.

Getini hapakuwa na mkasi hata mmoja.

Mikasi ilikuwa kwenye mikorosho ya baada ya kisima, pale wanapopita saa kumi na moja alfajiri na ndoo, kwa sababu maji kule juu mnajua yalivyo. Ilikuwa kwenye njia panda ya bodaboda. Vijana, tulieni, nimesema mtatajwa. Ilikuwa kwenye ukuta wa gesti. Ilikuwa kwenye mageto, vile vyumba vya kupanga ambavyo binti wa miaka kumi na nne anakaa peke yake na jiko la mkaa kwa sababu kwao ni kilomita kumi na tano, na mlango wake unafungwa kwa kipande cha waya. Na msimu wa korosho ukifika, Oktoba hadi Desemba, fedha zikishaingia kijijini, mikasi inaongezeka. Waliniandikia pembeni, kwa mwandiko mzuri kabisa: "wakati wa malipo."

Na karatasi moja ilikuwa na mkasi ndani ya uzio wa shule. Juu ya nyumba ya mwalimu.

Nilikaa na ile karatasi mpaka jua likazama. Yule mwalimu nilikuwa nakunywa naye chai. Tungekuwa na polisi wawili getini, yule mwalimu angewapita kila asubuhi, wangempigia saluti. Angewapita na wasichana nyuma yake, akiwa amewabebesha daftari zao wenyewe, akielekea nyumbani kwake kusahihisha. Polisi wa getini anamlinda mtoto dhidi ya mtu wa nje. Sasa adui akiwa ndani, lile geti linamfungia nani?

Nisiwaache hewani: mwalimu yule alisimamishwa, na ngazi za juu zikalichukua. Lakini nataka mjue karatasi zilikuwa nane, na binti mmoja tu ndiye aliyeweka mkasi ule. Wengine saba nao walijua. Waliniambia baadaye.

Kuhusu moto sitasema mengi, naomba tu mkirudi shuleni mtazame madirisha ya bweni. Sekondari ya Shauritanga, Kilimanjaro, mwaka 1994 mabinti zaidi ya arobaini waliungua. Idodi, Iringa, 2009. Kyerwa, 2020, watoto kumi. Kabla ya elfu tatu ya askari, nani ametoa elfu tatu ya kuondoa nondo dirishani na kumnyang'anya matroni ile kufuli anayofunga kwa nje?

Liko jambo jingine ambalo ni la kwetu, na huwa tunalipita kimya. Wengi wenu mlikuwepo hapa Mei 2013, wakati wa vurugu za gesi, watu walipopinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Sijaja kufufua nani alikosea. Nasema la darasani tu. Nilikuwa nafundisha darasa la tatu, na kwa miezi kadhaa baada ya pale, difenda ya polisi ikipita barabarani, nusu ya darasa ilikuwa chini ya madawati. Hawakulia. Waliingia tu chini, kimya, kama wanaokota kifutio. Wale watoto leo wana miaka ishirini na kitu, na baadhi yao ni wazazi wa watoto wa chekechea. Na wenzetu wa kule kando ya mto Ruvuma, kijiji cha Kitaya, Oktoba 2020 walivamiwa na watu wenye silaha kutoka ng'ambo, na wale wanajua thamani ya askari kuliko mtu yeyote humu. Kwa hiyo sare ileile, mkoa huuhuu, kwa mtoto mmoja ni wokovu na kwa mwingine ni chini ya dawati. Tukiiweka getini tusijifanye ni rangi ya ukuta.

Sasa afande, usiondoke. Ninakuhitaji sana. Nakuhitaji kuliko hao waliopiga makofi.

Nitakwambia nilipomwona polisi akifanya kazi ya usalama wa shule mpaka nikamkubali. Alikuwa mama wa dawati la jinsia na watoto. Alikuja amevaa kitenge. Hakupanda jukwaani. Alikaa kwenye mkeka chini ya mkorosho, akatoa karanga, akawauliza watoto nani anajua kucheza rede. Akacheza, na mwili ule! Mara ya kwanza hakuna aliyesema kitu. Mara ya pili hakuna. Mara ya tatu, mwezi wa tatu huo, binti mmoja alibaki nyuma akimsaidia kukunja mkeka. Ule mkeka ulikunjwa nusu saa nzima. Jioni ile yule mama alivaa sare yake, na aliyestahili kuiona sare aliiona.

Lakini mnajua kesi ile iliishaje? Ilikufa. Sheria yetu tangu 2016 inasema anayempa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela. Miaka thelathini, kila mtu anaijua, hata mbuzi wa Masasi wanaijua. Na kwa sababu ni miaka thelathini, watu wanamalizana nyumbani. Gunia za korosho zinahama usiku. Mjomba anakuja kusema "mtoto ametulia, tusiharibu undugu." Siku ya mahakama shahidi hana nauli, au amepelekwa kwa shangazi Dar es Salaam. Afande, pale ndipo ninapokutaka. Nakutaka ile PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, itoke siku hiyohiyo bila njoo kesho. Nakutaka shahidi afike mahakamani hata kama ni kwa pikipiki yako. Ukifanya hayo, mimi nitakaa getini mwenyewe na rungu la mzee.

Na elfu tatu zetu, wazazi? Kwanza tukumbuke tangu 2016 elimu ni bila ada, na michango ina taratibu zake, kwa hiyo mwenyekiti asije akaitwa kujieleza kwa ajili yetu. Lakini ikipita kihalali, mimi naiona kwenye vitu vingine. Naiona kwenye hosteli, hata ya vyumba vinne, ili mabinti watoke kwenye mageto ya waya. Naiona kwenye kumlipa mama mmoja mtu mzima awe anatembea nao alfajiri mpaka kisimani. Na ninyi vijana wa boda, mkiandikishana kijiweni, kila mmoja na namba yake mgongoni, na mwenyekiti wenu akaijua kila namba, basi ile njia panda inaweza kutoka kwenye ile ramani. Sitaki ahadi leo. Nataka mwezi ujao nikipita nione namba.

Na wale mama zangu makungwi, najua mpo, nimewaona mnacheka. Huku kwetu binti akichezwa unyago anapewa mtu. Anapewa somo, mtu wa kumwambia la ndani, ambalo hata mama mzazi halisikii. Watu wanatusema kwa unyago, mengine ni kweli na tumeyarekebisha, tumeupeleka likizo ili masomo yasivurugike. Lakini hili la mtu wa kumwambia shule zetu hazina. Tuna mwalimu wa unasihi, ndiyo, kwenye karatasi. Nenda kamtafute. Anafundisha vipindi ishirini na nane kwa wiki, na chumba cha unasihi ndicho stoo ya majembe. Mtoto atasemea majembeni? Na ile namba ya bure ya watoto, 116, ni shule ngapi humu imeandikwa ukutani mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma bila kuonekana anaisoma? Mimi ningeiandika chooni, kwa ndani ya mlango. Mnacheka, lakini ndipo mahali pekee shuleni mtoto yuko peke yake.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia.

Mzee mmoja kikao kile alisema, "Mwizi haogopi chaki." Kweli kabisa, mzee wangu, haogopi. Lakini tumejadili usalama wa watoto hapa kwa vikao viwili, saa tano jumla nimehesabu, na hakuna mtoto hata mmoja aliyeingia humu ndani. Wako nje pale kwenye ngazi. Tumewaleta watupangie viti na kugawa maji. Mvua imewalowesha.

Nimekuja na manila kumi na boksi mbili za kalamu za rangi, ziko kwenye mfuko huu wa Rambo. Afande, naomba ukae pale mwisho, na kofia uiweke chini ya kiti. Walimu, fimbo kama ipo iliyokuja humu, itoke. Bodaboda, sogeeni ukutani wapate nafasi ya kulala kifudifudi, wanachora vizuri wakiwa sakafuni.

Mwenyekiti, naomba ule mlango ufunguliwe.